Tulikokula kati ya Kasongo na Kabambare



Wengi mliomba habari za safari ya Kabambare. Barabara mnaijua na mashimo yake mnayajua, basi hatutawachosha nayo. Tulikuwa walimu watatu wanawake, tuliotumwa wakati wa likizo kubwa kusalimia vikundi vya huko. Tulipanda moto kabla ya jua kuwaka, kila mmoja na motari wake na kifurushi chake. Kabla ya kuondoka watu walituuliza juu ya usalama, juu ya bei ya mafuta, juu ya madaraja. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza: wamama, mtakula wapi? Kumbe swali hilo ndilo lililotufuata njia nzima, na ndilo tunaloliandika leo.

Tuanze na Kasongo penyewe. Karibu na soko, na pale moto zinapopakia watu, saa kumi na mbili ya asubuhi moshi umekwisha kupanda. Chai na vitumbua ndivyo vya kwanza. Ikifika saa tano sufuria kubwa zimeiva: wali, bugali wa muhogo, sombe, maharagwe, samaki wa Lualaba, na siku nyingine mbuzi au kuku. Mahali hapo tunapaita malewa. Ni chumba kimoja cha matofali, au turubai juu ya miti minne, benchi mbili, meza yenye nailoni ya maua. Pakiwa na viti vya plastiki na mlango wa kufunga, watu husema ni restora, lakini chakula ni kilekile na mwenye kupika ni mama yuleyule au dada yake.

Mtu akitaka kujua ustadi wa mpishi wa Maniema asimpime kwa nyama. Nyama yenye mafuta na chumvi hata mvivu ataifanya iliwe. Ampime kwa sombe. Majani yachaguliwe machanga, yapondwe kinuni mpaka yalainike kabisa, kisha yachemke muda mrefu kabla mawese hayajatiwa, kwa sababu jani la muhogo lina sumu yake, na kuponda na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Halafu ndipo mawese, karanga zilizosagwa, kitunguu, na ndagala kidogo kama mfuko unaruhusu. Mpishi mwenye haraka anatia mafuta mapema ili sufuria ionekane nyekundu na tayari. Mteja anaridhika kwa macho, lakini koo linamwambia ukweli. Bugali nao hivyohivyo: muhogo mchungu uliokaa majini siku tatu au nne unatoa unga mtamu na salama. Uliotolewa haraka ili uwahi soko una uchungu, na hatari yake kwa mtoto ni kubwa kuliko kwa mtu mzima.

Wali ni jambo jingine. Sehemu nyingi za nchi yetu wali ni chakula cha sikukuu, lakini kwetu ni chakula cha Jumanne. Mpunga ulienea huku pamoja na misafara ya waungwana kutoka pwani, karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip. Mji wenyewe wa wakati ule ulikuwa pale tunapopaita Tongoni, na jina linasema lenyewe kwamba ni mahali palipohamwa. Daktari mmoja Mwingereza, Sidney Hinde, aliingia Kasongo na jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893, na katika kitabu chake aliandika kwa mshangao juu ya ghala za mchele na mahindi, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga na mananasi. Alikuja na vita, hatumsifu. Tunamtaja kwa sababu ni Mwingereza aliyekuja kwetu akakuta watu wanaojua kula.

Na kula kwenyewe kulikuwa na adabu, ambayo bado ipo. Mgeni haanzi kwa kijiko, anaanza kwa maji. Mtoto anapita na birika na beseni, anamimina juu ya mikono ya kila mmoja, mkubwa kwanza. Katika nyumba za Kiislamu bismillahi inasemwa na mkono wa kulia unaingia sinia, kila mtu upande wake, na hakuna kuvuka mpaka kwenda kuchukua nyama ya jirani. Wakristo wa Kasongo walikua katika adabu hiyohiyo, isipokuwa sala yao ni nyingine. Malewa iliyo nzuri mjini kwetu bado inatunza birika. Wakati wa Ramadhani nyingine zinafunga mchana kutwa, jioni zinafungua na uji. Mteja asiyefunga anajua kwa kwenda na haulizi maswali.

Biashara hii ya chakula imekuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani. Kule Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, David Livingstone alikaa miezi mwaka 1871 akiangalia soko. Aliandika juu ya wanawake waliokuja kwa wingi na samaki, muhogo, mafuta, chumvi, vyungu na kuku, na furaha waliyokuwa nayo katika kubishana bei. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa misafara waliwapiga bunduki wanawake hao sokoni, na mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine mtoni. Sisi tunawafundisha watoto tarehe hiyo darasani, lakini mara nyingi tunasahau kuwaambia kwamba waliokufa walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kuuza chakula.

Sasa njia. Ukipanda moto kwenda Kabambare, wewe huchagui pa kula. Anayechagua ni motari. Yeye anajua mama gani ana maharagwe yaliyoiva, nani anaongeza mchuzi bila kunung'unika, nani amewahi kumharisha. Wanaambiana wao kwa wao, na mama mmoja akiharibu sufuria leo, kesho kutwa habari imefika Wamaza. Tulicheka tulipokumbuka kwamba kile kitabu cha Wafaransa kinachotoa nyota kwa mahali pa kula, kile ambacho wapishi wa Paris na London wanakiogopa, kilianzishwa mwaka 1900 na watengenezaji wa mipira ya magari, ndugu wawili Michelin. Walitaka watu wasafiri zaidi ili mipira ilike. Kwa hiyo hata huko ilianza na mambo ya barabara.

Lakini motari anachagua kwa tumbo lake. Pale pa kwanza tuliposimama palikuwa na benchi moja ndefu imejaa wanaume: motari wengine, wapasuaji mbao, wachimbaji wawili watatu wanaorudi migodini. Wali ulinukia vizuri sana. Kwenye kivuli cha mwembe, mbali kidogo, walikaa wanawake watano wasafiri, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na mtoto mwenye homa anayepelekwa hospitali. Hawakuwa wakila. Mmoja alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha katika kitambaa, anawakatia watoto. Tuliwasalimu tukauliza kama wamekwisha kula. Yule mwenye muhogo alijibu: «Madamu, mtakaa wapi pale? Na ukitaka kujisaidia utakwenda wapi?»

Wamama, jibu hilo lina mambo yote. Fedha ya sahani ya maharagwe wengine wao walikuwa nayo. Hawakuwa na mahali. Mwanamke anayetafuna mbele ya wanaume asiowajua ataitwa hana haya. Akinyonyesha pale benchini watamtazama. Choo hakuna, au kipo lakini mlango wake ni gunia lililochanika. Basi anakaa na njaa kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na mtoto anayenyonya anakaa na njaa pamoja naye. Anayepika ni mwanamke, anayekula ni mwanaume, na mwanamke msafiri yuko chini ya mwembe.

Msifikiri ni sisi peke yetu. Uingereza, nchi ambayo vijana wetu wanaiona kwenye simu kama kwamba kila kitu kilizaliwa kimekamilika, wanawake wa London wa karne ya 19 walikuwa na taabu hiyohiyo. Mwanamke wa heshima hakuweza kuingia mahali pa kula bila mume au kaka, maana angefikiriwa vibaya. Akienda mjini kununua vitambaa alirudi na njaa. Kilichobadilisha mambo si hotuba. Ni chai. Mwaka 1864 kampuni moja ya mikate, iliyoitwa Aerated Bread Company, ilianza kuuza chai na mikate katika duka lake, mahali safi, pa bei ndogo, ambapo mwanamke aliweza kukaa peke yake. Mwaka 1894 Lyons nao wakafungua nyumba yao ya chai katika barabara ya Piccadilly, na baadaye zikawa nyingi mji mzima. Makarani, walimu, wasichana wa maduka, wote wakapata pa kukaa. Wanaoandika historia ya wanawake wa Kiingereza waliodai haki ya kupiga kura wanasema mikutano yao mingi ilifanyika katika nyumba hizo za chai. Kikombe, mkate na kiti, basi.

Tulimwendea mama mwenye malewa. Tulimwita «mama mkubwa», maana umri wake ni wa mama zetu. Hatukumhubiria. Tulimwomba tu kama tunaweza kukaa nyuma, upande wa jikoni, sisi na wale watano, na kula huko. Alishangaa, kisha akacheka, akatandika mkeka. Aliuza sahani nane ambazo asingeziuza. Tulipoondoka alikuwa amekwisha kumwambia kijana wake akate fito za kuzungushia.

Na kwa kuwa tulikaa jikoni, tuliona kile ambacho mteja wa mbele hakioni. Hapa ndipo ubora wa mahali pa kula unapojulikana. Tunasema hivi kwa heshima, kwa sababu wenye kazi hii ni sisi kwa sisi.

La kwanza ni maji. Mbele kulikuwa na birika zuri. Nyuma kulikuwa na beseni moja, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na sahani zote zilipita humo tangu asubuhi. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Wauguzi wanatufundisha beseni tatu: ya kwanza maji na sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza, ya tatu maji yenye klorini kidogo, kisha vyombo vinaanikwa juu ya kichanja vikauke kwa jua na upepo, bila kufutwa na kile kitambaa kilichofuta meza, pua na mikono. Shida si ujinga. Kila mama tuliyezungumza naye anazijua beseni tatu. Shida ni kwamba beseni tatu ni safari tatu za kisimani, na mwenye kwenda kisimani tutamfikia sasa hivi.

La pili ni wali wa jana. Wengi tunaamini kwamba chakula kikichemshwa tena uchafu wote umekufa. Kwa maharagwe yaliyowekwa vizuri hiyo inasaidia. Kwa wali si hivyo. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa saa nyingi katika joto letu, vinaamka, vinazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiuchemsha upya. Mtu anatapika ndani ya saa chache, anasema amerogwa. Ambaye hana friji, na sisi hatuna, apike wali kidogo mara mbili kwa siku kuliko sufuria moja kubwa ya kukaa mpaka kesho. Utakaobaki jioni upewe kuku.

Dada mmoja wa kikundi chetu ana mtoto London. Alituonyesha picha ya mlango wa mgahawa wenye karatasi ya kijani na namba 5. Wakaguzi wa serikali ya mtaa wanaingia jikoni bila kutoa habari, wanaangalia maji, vyombo, mikono, jinsi chakula kinavyowekwa, kisha wanatoa namba kutoka 0 mpaka 5. Mpango huo ulianza mwaka 2010. Wales imekuwa sheria kubandika namba mlangoni tangu 2013, Ireland ya Kaskazini tangu 2016. England mwenye mgahawa bado anaweza kuificha, na mnaweza kufikiri wenyewe ni nani wanaoficha. Namba hiyo haisemi kitu juu ya utamu. Mgahawa mdogo wa samaki na viazi unaweza kupata 5, na mahali penye vitambaa vyeupe na mvinyo pakapata 1.

Tena Waingereza hao walikuwa na sifa mbaya sana ya chakula. Wakati wa vita kuu ya pili, tangu 1940, chakula kiligawiwa kwa vikaratasi, na mgawo haukuisha mpaka 1954. Watu walizoea kula chochote walichowekewa mbele yao na kunyamaza. Mwandishi mmoja, Raymond Postgate, alichoshwa. Hakuwa na fedha za kutuma wakaguzi, basi akawaomba watu wa kawaida wamwandikie barua: umekula wapi, umekula nini, kilikuwaje, ulilipa ngapi. Kitabu cha kwanza, The Good Food Guide, kilitoka mwaka 1951. Mwenye nyumba ya chakula akaanza kujua kwamba yule mteja mnyamavu wa pembeni anaweza kuwa na kalamu. Sisi tunafikiri motari wetu wanaifanya kazi hiyo bila kalamu, ila hawaangalii nyuma ya nyumba, na hawaoni nani ameketi chini ya mwembe. Hiyo ndiyo sehemu ya vikundi vya wamama.

Kabambare tulifika jioni, tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Ni mji mdogo kuliko jina lake. Zamani misafara iliyotoka ziwa Tanganyika kwenda Kasongo ilipumzika hapo, na hata leo ndagala za ziwani zinaingia kwa njia hiyo, ndiyo maana mchuzi wa Kabambare una harufu yake. Samaki wa mto Luama tulimla siku ya pili, amepikwa kwa nyanya na pilipili, bila mafuta mengi. Tunakiri kwamba Kasongo hatuna kitu kama hicho, na tusisikie mtu anabisha.

Lakini bei zilitushangaza. Dhahabu ndiyo inayopika bei katika eneo hili. Tangu zamani kuna wachimbaji wa mikono, na mwaka 2016 mgodi mkubwa wa Namoya, upande wa Salamabila, unaotumia mashine, ulianza kutoa dhahabu kwa kiwango cha biashara. Vijana wenye fedha ya leo wanalipa bila kuuliza, na mchele, kuku na makaa vinafuata bei ya mfuko wao. Vita vya vikundi vyenye silaha navyo vimewahamisha watu mara nyingi, mashamba yanaachwa, na mama aliyekimbia na sufuria mbili anafungua malewa kwa sababu ni kazi ya pekee isiyoomba cheti. Wengi tuliowakuta ni wajane au wenye waume walioko migodini wasiotuma habari.

Kila mmoja ana daftari. Siyo la hesabu ya faida, ni la madeni. Mchimbaji anakula leo atalipa akipata. Mtu wa mshahara anakula leo atalipa mshahara ukifika, na mshahara unapochelewa daftari linanenepa. Mama mmoja alitufungulia lake: kurasa na kurasa, majina yenye alama ya msalaba kwa waliohama bila kulipa. Anayelalamika kwamba sombe ina mafuta kidogo asome kwanza daftari hilo. Hapa wamama wa likelemba wa Kabambare wamefanya jambo la akili: wamekubaliana kwamba anayedaiwa kupita kiasi kwa mmoja wao hapewi sahani kwa wengine mpaka alipe. Wanaume walinung'unika juma la kwanza. Juma la pili walilipa.

Sasa yule mwenye kwenda kisimani. Katika malewa ya kwanza njiani, katika ya pili, na katika karibu zote za Kabambare, sahani zinaoshwa na msichana wa miaka tisa, kumi, kumi na miwili. Si watoto wa mwenye malewa mara zote. Ni mtoto wa dada aliyekufa, mtoto aliyetumwa kutoka kijiji, mtoto aliyefika na waliokimbia. Anaamka kabla ya jogoo kuteka maji, anawasha mbabula, anaponda sombe, anaosha mpaka usiku. Mmoja alituletea birika, akamimina maji mikononi mwetu kwa adabu yote, magoti yamekunjwa. Tulimwuliza: «Mama, unasoma mwaka wa ngapi?» Akaangalia beseni. «Nilifika mwaka wa tatu, Madamu.»

Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, na Katiba ya 2006 ilikwisha kusema hivyo kabla. Sisi tunaofundisha tunaona madarasa yalivyojaa, watoto wanne wanne kwenye benchi, lakini wasichana wa kisima hawamo kati yao. Nguo ya shule, daftari, sabuni, na zaidi ya yote ile saa ya asubuhi, hivyo havikufanywa bure na mtu yeyote. Mteja anayesifu malewa kwamba sahani zinang'aa, anasifu mikono ya mtoto huyo.

Tulizungumza na wamama wa kikundi mchana mzima, na maneno hayakuwa matamu yote. Mmoja alisema waziwazi: «Ninyi mna chaki na mshahara. Mimi nikimpeleka shule, nani atateka maji?» Hatukuwa na jibu la haraka, na tulinyamaza. Mwingine, mwenye umri, ndiye aliyejibu. Alisema likelemba imenunua sufuria, imenunua mabati, kwa nini isinunue pipa? Pipa moja kubwa lenye bomba kwa kila malewa tatu zilizo jirani, na kijana mwenye baiskeli analipwa kwa pamoja kulijaza kwa bidoni kila jioni. Walihesabu hapohapo. Fedha anayolipwa kijana ikigawanywa kwa tatu ni chini ya bei ya sahani mbili za wali kwa siku. Maji yakiwepo asubuhi, beseni tatu zinawezekana. Msichana naye anaweza kuondoka saa moja na kurudi saa saba, baada ya masomo, wakati ule sahani za mchana zinapongoja.

Walibishana juu ya nani aanze. Walibishana pia kama fito na mkeka wa upande wa wanawake zitakula nafasi ya benchi, mpaka mama mmoja alipouliza siku ya soko wanawake wangapi wanapita bila kula, na kila mmoja akahesabu kwa vidole vyake. Malewa tatu zilikubali. Nyingine zilisema zitaangalia kwanza, na tunawaelewa.

Tutarudi huko likizo ya Noeli, Mungu akijalia, na tutawaandikia kama pipa lina maji. Vikundi vya Kasongo vinavyotaka kujua hesabu yote, jinsi walivyogawanya bei ya pipa na bomba, mje Jumamosi baada ya soko, tunayo kwenye karatasi.

Usiku wa mwisho, mama yule aliyetuuliza nani atateka maji alikuja tulipolala, na taa mkononi. Alitaka tumwandikie vitu vinavyohitajika kwa mtoto anayeingia mwaka wa nne. Tuliviandika: madaftari sita, kalamu ya bluu na ya nyekundu, rula, shati jeupe, sketi ya bluu, sabuni. Karatasi hatukuwa nayo, basi alichana ukurasa wa nyuma wa daftari lake la madeni.